Tujaribu kwanza katika chumba kimoja

Ndugu msomaji, umekwisha kuona namna mama mwenye akili anavyopokea vijiti vya muhogo wa mbegu ngeni. Labda mtu wa kilimo amemletea, akimwambia kwamba muhogo huu haushikwi na ule ugonjwa wa majani kujikunja, tena mizizi yake ni mikubwa. Mama anashukuru. Lakini hang'oi shamba lake lote siku ile. Anachagua kipande kidogo karibu na nyumba, mahali anapopita kila asubuhi. Anapanda mistari miwili au mitatu, na pembeni anaacha muhogo wake wa zamani. Kisha anangoja. Anachuma majani na kupika: je, sombe hii ni tamu au chungu? Anang'oa shina moja, anakausha, anatwanga: je, bugali wake unashikana? Hapo ndipo anapoamua. Hakuna anayemcheka na kumwita mwoga. Anajua kwamba akikosa katika mistari mitatu, watoto watakula bado; lakini akikosa katika shamba zima, njaa itaingia nyumbani.

Basi, mbona sisi tunaofanya kazi katika hospitali, na katika mabilo, na hata katika komite za kanisa, tunasahau akili ya mama huyu? Tukipata shauri jipya la kutengeneza kazi, tunaliandika juu ya karatasi, tunapiga muhuri, tunalibandika ukutani siku ya posho, na asubuhi ya siku ya kazi kila mtu katika kila chumba analazimishwa kulifuata. Ninataka kusema nawe juu ya jambo hili. Usidhani kwamba ni habari ya wakubwa tu. Wewe unayelala kitandani, wewe unayengoja barazani na fishi mkononi, ndiwe unayelipa wakati shauri jipya linapokosa.

Nitaanza na kosa ambalo mimi mwenyewe nilikuwa na mkono ndani yake.

Zamani nilifanya kazi katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Kila asubuhi wagonjwa walikuja kabla ya jua kutoka, na mlango ulipofunguliwa ilikuwa fujo tupu. Mwenye nguvu alipita, mzee alisukumwa, mwenye ndugu ndani ya hospitali aliitwa kwanza. Sisi wafanyakazi tuliona haya. Tukakaa katika komite jioni mbili, tukakata shauri: kila mtu, awe nani, atapita kwanza katika dirisha moja. Hapo ataandikiwa fishi, atatoa falanga zake, atapewa namba, kisha atakaa kwenye benchi mpaka namba yake iitwe. Juu ya karatasi lilikuwa jambo zuri sana. Hakuna upendeleo tena. Tulifurahi hata tukapongezana.

Siku ya kazi ya kwanza tulianza, na tulianza na wote: watu wazima, watoto, wenye mimba, wenye vidonda vya kufungwa. Saa tatu ya asubuhi mstari ulikuwa umefika kwenye mwembe, nje ya lango. Kulikuwa na mama mmoja mwenye mtoto wa miaka miwili mgongoni, mwili wake moto kama jiwe la jikoni. Alipewa namba 83. Alikuwa mama mwenye adabu; aliambiwa akae, akakaa. Zamani, katika ile fujo yetu, angalipiga kelele, angalisukuma, na muuguzi mmoja angalitoka kuona kuna nini. Sasa namba ilimwambia anyamaze. Hatukuwa tumefika namba 50 wakati mtoto alipoanza kushikwa na degedege mikononi mwake.

Mtoto alipona. Ninaandika hivyo upesi ili usibaki na wasiwasi. Lakini mama yule aliniangalia, na hakusema neno. Tangu siku ile ninapoona karatasi nzuri yenye muhuri ninauliza: kelele ya nani imenyamazishwa hapa? Maana utaratibu wetu ulikuwa umeondoa ubaya mwingi, na pamoja na ubaya ule uliondoa kitu kimoja kilichosaidia, ndizo zile kelele za mama anayeogopa. Katika komite yetu hakuna hata mmoja aliyefikiri neno hilo. Na tungalikaa jioni kumi, nadhani tusingalilifikiri. Jambo la namna hiyo halionekani katika bilo. Linaonekana barazani, saa tatu ya asubuhi, watu wakiwapo.

Kama tungalijaribu kwanza na watu wa kufunga vidonda peke yao, siku moja ya juma, au na watoto peke yao asubuhi moja tu, huku muuguzi mmoja amesimama bila kazi nyingine ila kuangalia, kosa lingaliponyoka mbele ya macho yetu kabla ya saa mbili. Baadaye ndivyo tulivyofanya. Tuliweka mtu mmoja wa kutembea kando ya mstari kabla ya namba kutolewa, anagusa miili ya watoto, anaangalia pumzi yao, na aliye hatarini anapita mbele ya wote. Tulimjaribu mtu huyo juma moja. Tukaona kwamba asubuhi anahitajika sana, na mchana hana kazi. Tukamrudisha ndani mchana. Ni jambo dogo, lakini hatukulijua mpaka tulipolifanya.

Labda utasema, “Hayo ni makosa ya hospitali ndogo za kwetu. Wenye elimu kubwa wanajua mambo tangu mwanzo.” Sivyo, ndugu. Nikueleze habari moja ya watu wenye elimu kubwa kuliko sisi.

Unajua kwamba kupasuliwa kuna hatari zake. Mikono ya munganga inaweza kuwa mizuri kabisa, na bado mambo madogo yakasahauliwa. Mgonjwa mmoja anaitwa kwa jina la mwingine. Ugonjwa uko upande wa kushoto na watu wanatengeneza upande wa kulia. Dawa ya kuzuia usaha inatolewa kwa kuchelewa, au haitolewi. Kitambaa kinabaki ndani ya tumbo kwa sababu hakuna aliyehesabu. Kwa hiyo Shirika la Afya la Ulimwengu, lile tunaloita OMS, lilitaka kupata njia ya kupunguza ajali hizi katika nchi zote, zenye mali na zisizo na mali. Munganga wa kupasua kutoka Boston, Marekani, jina lake Atul Gawande, aliongoza kazi hiyo. Yeye na wenzake waliona kwamba wenye kuendesha ndege wana desturi nzuri: kabla ya kuruka wanasoma orodha fupi kwa sauti, na kila mmoja anajibu. Wakaandika orodha kwa ajili ya chumba cha kupasulia.

Sasa angalia walichofanya. Hawakuituma duniani. Gawande aliichukua orodha ile ya kwanza akaipeleka katika chumba chake mwenyewe cha kupasulia, kule Boston. Na siku ile ile ilishindwa. Yeye mwenyewe aliandika habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2009, bila kujificha. Orodha ilikuwa ndefu mno. Maneno yake hayakueleweka vizuri. Ilianza kuvuta macho ya watu kwenye karatasi, na mgonjwa yuko juu ya meza. Ilikuwa haifai hata katika chumba kimoja chenye wanganga wa kutosha na umeme usiokatika. Fikiri kama ingalitumwa namna ile katika nchi zote na muhuri wa OMS juu yake! Kila mahali watu wangaliitupa, na wangalikuwa na haki.

Kwa sababu ilishindwa mahali padogo, hakuna aliyeaibishwa. Waliikata, wakaifupisha, wakaomba shauri kwa mtu wa kiwanda cha ndege cha Boeing aliyekuwa fundi wa kutunga orodha kama hizo. Mwisho ilibaki na mambo 19, yanayosemwa kwa sauti mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Jina lako nani? Upande gani? Dawa ya kuzuia usaha imetolewa? Vitambaa na sindano zimehesabiwa? Tena wote waliomo chumbani wanasema majina yao na kazi zao. Wengine waliona neno hili la mwisho kuwa upuzi, lakini mimi ninalipenda sana, maana mtu aliyekwisha kusema jina lake mbele ya munganga mkubwa hataogopa kusema tena akiona kosa.

Na hata hapo hawakwenda dunia nzima. Walichagua hospitali 8 katika miji 8: Toronto, New Delhi, Amman, Auckland, Manila, London, Seattle, na Ifakara. Ifakara ni mji wa Tanzania, katika bonde la mto Kilombero, na hospitali yake ilianzishwa na misioni. Nilipoisoma orodha ya miji ile nilifurahi. Hawakutaka kujua tu kama kitu hiki kinafaa London. Walitaka kujua kama kinafaa mahali panapofanana na petu, ambapo vyombo ni vichache na muuguzi mmoja anafanya kazi ya watatu.

Kwanza walihesabu mambo yalivyo kabla ya kubadili kitu chochote. Hiyo ndiyo sehemu ambayo sisi tunaruka siku zote, kwa sababu inachosha. Waliangalia wagonjwa 3,733 waliopasuliwa kwa desturi ya zamani. Kisha walileta orodha, wakaangalia wengine 3,955. Mambo hayo yalifanyika tangu mwezi wa kumi wa mwaka 2007 mpaka mwezi wa tisa wa mwaka 2008. Kabla ya orodha, katika kila wagonjwa 1,000 walikufa 15; baada yake walikufa 8. Waliopata matatizo mazito baada ya kupasuliwa walikuwa 110 katika 1,000. Wakashuka mpaka 70. Dawa ya kuzuia usaha ilikuwa inatolewa kwa saa yake kwa watu 56 katika 100, ikafika 83. Dawa ile ile ilikuwapo kabatini tangu mwanzo.

Ni kweli, watu wakijua kwamba wanaangaliwa wanafanya kazi vizuri zaidi, kwa hiyo tusiseme kwamba karatasi peke yake ilifanya yote. Lakini ilitosha kuwafanya watu wa nchi nyingi waitamani. Na hapo, ndugu, ndipo jambo lenyewe linapoanza kuwa chungu.

Katika jimbo la Ontario, nchi ya Kanada, wakubwa walisoma habari hizo wakafurahi. Katikati ya mwaka 2010 hospitali za jimbo zilitakiwa zitumie orodha na kutoa habari kwamba zinaitumia. Hospitali ziliandika kwamba zinaitumia karibu kila mara. Karatasi zilijazwa. Baadaye wachunguzi walilinganisha miezi mitatu kabla ya orodha na miezi mitatu baada yake, katika hospitali 101, wakatangaza habari hiyo mwaka 2014. Vifo vilikuwa 71 katika wagonjwa 10,000; vikawa 65. Tofauti ni ndogo, hata haiwezi kuhesabiwa kuwa tofauti. Matatizo ya baada ya kupasuliwa yalibaki karibu pale pale.

Orodha ni ile ile. Kwa nini huku ilisaidia na kule haikusaidia? Wenye elimu wameshindana sana juu ya jambo hili. Wengine wanasema kwamba Ontario vifo vilikuwa vichache tangu mwanzo, na miezi mitatu ni mifupi. Maneno hayo yana uzito. Lakini mimi, niliyeona karatasi nyingi zikijazwa katika maisha yangu, ninaamini wale wanaosema kwamba kuamriwa na kufanya ni mambo mawili. Mtu aliyepokea orodha kwa amri anaweza kuweka alama kwenye kila mstari bila kufungua kinywa. Yule aliyeijaribu chumbani mwake, akaikataa nusu, akaitengeneza, akaona siku moja imemwokoa asipasue upande usiofaa, huyo ataisema kwa sauti hata munganga mkuu akikunja uso.

Kuna habari nyingine inayonipa nguvu ya kusema hivyo. Huko Marekani, katika jimbo la South Carolina, hospitali hazikulazimishwa. Zilialikwa. Zilizokubali zilifundishwa kuitengeneza orodha ifae mahali pao, kuijaribu kwanza kwa watu wachache, kuzungumza na wafanyakazi mmoja mmoja, na kuwatazama na kuwasaidia wakiitumia. Hospitali 14 zilimaliza mafundisho hayo yote. Vifo ndani ya siku 30 baada ya kupasuliwa vilikuwa 338 katika wagonjwa 10,000 mwaka 2010. Mwaka 2013 vilikuwa vimeshuka mpaka 284. Katika hospitali nyingine za jimbo lile vilitoka 350 vikawa 371. Labda hospitali zilizokubali zilikuwa na watu wenye bidii tangu mwanzo. Inawezekana. Lakini bidii yenyewe inakua kwa njia hii, mtu anapopewa nafasi ya kujaribu.

Kwa hiyo ninasema: hata kama jambo limejaribiwa Boston, na London, na Ifakara, bado kila hospitali inapaswa kulijaribu katika chumba chake kimoja. Sisi hatutafuti tena kujua kama orodha ni nzuri. Hilo limekwisha kuulizwa. Tunatafuta kujua namna itakavyokaa kwetu. Nani ataisoma? Kwa lugha gani, Kifaransa au Kiswahili? Taa ikizimika katikati, tunaanza wapi tena? Maswali haya hayana jibu Geneva.

Fikiri habari ya kunawa mikono. Hakuna mtu anayehitaji kujaribu tena kama mikono michafu inapeleka ugonjwa. Lakini OMS ilipotaka wafanyakazi wa hospitali wasafishe mikono kwa dawa ya alkoli, walijaribu njia hiyo kwanza katika hospitali chache, na moja kati yake ilikuwa hospitali ya Point G katika mji wa Bamako, nchi ya Mali, tangu mwaka 2006 mpaka 2008. Dawa ilitengenezwa pale pale Mali, kwa alkoli ya miwa. Kabla ya kazi hiyo, wafanyakazi walisafisha mikono mara 8 tu katika kila mara 100 walizopaswa kusafisha. Baadaye ilikuwa mara karibu 22. Wewe utasema 22 ni haba. Ni haba kweli! Lakini ni kweli kabisa, na mtu anaweza kujenga juu yake. Mimi ninaamini zaidi hospitali inayosema “tumefika 22” kuliko ile inayoandika 100 kila mwezi.

Sasa nisikie sauti yako. “Wewe unasema tungoje, tungoje. Kama jambo linaokoa watu, kwa nini chumba kimoja kipate na vyumba vingine vikose? Ndugu yangu analala katika chumba cha pili.” Swali hili ni zito, na sitalipita haraka.

Kwanza, kuna saa ambazo hatujaribu, tunafanya. Mwaka 1995, ugonjwa wa Ebola ulipoingia Kikwit, katika nchi yetu, watu 315 waliugua, na kati yao 80 walikuwa wafanyakazi wa afya. Wakati kama huo munganga asiseme, “Tuvae mipira ya mikono katika chumba kimoja kwanza tuone.” Moto ukiwaka juu ya nyumba, kila mtu anabeba maji. Ila hata hapo, watu wanaoanza kuvaa nguo za kujikinga wanajifunza kwanza kuzivaa na kuzivua, mmoja akivua na mwenzake akitazama, kabla ya kuingia kwa mgonjwa. Mahali padogo panapatikana hata katika haraka, kama ni nusu saa tu.

Pili, kuna ubaya mwingine, ubaya wa kujaribu na kuacha pale pale. Mwaka 1747 munganga wa Uingereza, James Lind, alikuwa katika merikebu ya vita iliyoitwa Salisbury. Mabaharia walishikwa na kiseyeye, ugonjwa wa fizi kuvimba na kutoka damu, na miguu kukosa nguvu. Alichukua wagonjwa 12, akawaweka mahali pamoja, akawapa chakula kimoja, kisha akawagawanya wawili wawili na kuwapa dawa mbalimbali: wengine siki, wengine maji ya bahari, na kadhalika. Wawili walipewa kila siku machungwa mawili na limau moja. Matunda yaliisha baada ya siku sita, lakini wawili wale walikuwa wamepata nafuu kupita wote, na mmoja alikuwa karibu kurudi kazini. Jaribio dogo, zuri, lisilo na gharama. Na jeshi la majini la Uingereza liliamuru maji ya malimau kwa mabaharia wote mwaka gani? Mwaka 1795. Miaka 48! Mabaharia wengi walioga meno yao na uhai wao kwa kungoja kule.

Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba jambo “linajaribiwa” ninauliza mara moja: mpaka lini? Jaribio lisilo na siku ya kumaliza ni njia ya kukataa bila kusema neno la kukataa. Liandikwe tangu mwanzo: tunaanza siku hii, tutaangalia jambo hili na hili, na siku fulani tutakaa na kuamua, ama tunaliacha, ama tunalitengeneza, ama tunalipeleka katika chumba cha ndugu yako. Juma mbili, nne, sita. Kwa mambo ya utaratibu wa kazi sioni sababu ya kupita hapo. Na wanaokaa kuamua wasiwe wakubwa peke yao. Mfagiaji wa chumba anajua mambo ambayo munganga hajui. Katika hospitali nyingine mfagiaji ndiye aliyetuambia kwamba ndoo mpya za takataka, tulizozisifu sana, zilikuwa nzito mno kwake zikijaa, kwa hiyo alizimwaga nusu nyuma ya materinite. Tulikuwa tumenunua mbili tu. Nashukuru hatukununua arobaini.

Kuna neno moja jingine, na ninalisema polepole kwa sababu linaumiza watu. Mgonjwa akisikia neno “kujaribu” moyo wake unaruka. “Mnatujaribu sisi? Sisi ni panya?” Nimeulizwa hivyo na mzee mmoja kitandani, na alikuwa na haki kuuliza. Tofauti iko hapa. Kujaribu dawa mpya ndani ya mwili wa mtu ni jambo lingine kabisa. Halifanywi bila kuelezwa mgonjwa vizuri, naye akakubali kwa hiari yake, na akikataa anatunzwa sawasawa na wengine. Tunapojaribu namna mpya ya kupanga mstari, au ya kuhesabu vitambaa, au ya kupokezana kazi usiku na asubuhi, wanaojaribiwa ni sisi wafanyakazi. Lakini mzee yule alinifundisha kwamba haitoshi mimi kujua tofauti hiyo. Yeye pia aambiwe. Kama tunabadili kazi katika chumba anacholala, asigundue mwenyewe kwa kushangaa. Muuguzi asimame kati ya vitanda aseme: “Mama zetu na baba zetu, juma hili tunafanya hivi. Mkiona shida, semeni.” Ni dakika mbili.

Na wewe useme kweli. Najua adabu yetu: mgonjwa anaogopa kusema neno mbaya mbele ya munganga, anajibu “Ni vizuri tu, munganga,” hata kama alilala na njaa kwa sababu ya saa mpya za chakula. Kwa njia hiyo unatuharibia jaribio lote, na chumba cha pili kitarithi shida yako. Kama unaona haya kusema na munganga, sema na muuguzi wa usiku. Kama unaona haya na yeye pia, mtume mlinzi wako wa kitandani, yule dada au shangazi anayekupikia. Wao mara nyingi wanaona kuliko sisi sote.

Tangu mwezi huu, katika hospitali yetu, kila mara tunapojaribu namna mpya ya kazi, tutabandika karatasi ndogo mlangoni pa chumba kinachojaribu, siyo penginepo. Juu yake kutakuwa na mambo matatu: tunabadili nini, tulianza lini, na siku ya kuamua. Asiyejua kusoma aulize, atasomewa. Na kama siku iliyoandikwa imepita, na karatasi ingali pale, na hakuna mtu aliyekuja kukuuliza ulivyoona, gonga mlango wa bilo asubuhi, kabla ya saa mbili, uulize sababu.